Injini Inaponyamaza

Wanaokumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika takriban nchi nzima, hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu huweka jenereta ndogo ya petroli nyumbani. Mwenye mzazi anayeugua sukari huijua zaidi thamani yake, kwani akiba ya insulini imo frijini.

Aghalabu siku ya haja ndiyo siku kamba huvutwa hadi bega likauma, na injini isiitike. Huitwa fundi, na hukumu hutoka upesi: ringi zimekwisha, au nunua nyingine. Kwa maoni yangu, hukumu hiyo mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi.

Injini hizi za mipigo minne zina valvu mbili katika kichwa cha silinda, moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Baina ya ncha ya kila valvu na roka inayoisukuma huachwa mwanya mdogo. Kuurekebisha ndiko mafundi wetu huita kuseti tapeti. Katika Honda GX160, ambayo injini nyingi za Kichina zimeiga umbo lake, mwanya ni milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa moshi, injini ikiwa baridi.

Watu hudhani kilicholika hulegea. Hapa mambo ni kinyume. Valvu hugonga kiti chake maelfu ya mara kwa saa. Vyote viwili hulika, valvu huzama ndani ya kichwa, na ncha yake huisogelea roka. Mwanya hupungua. Mlio wa tak-tak hufifia, na mwenye nyumba hufurahi kwamba mashine imetulia! Mwanya ukiisha, valvu haifungi tena sawasawa: mgandamizo, au kompresheni kwa ulimi wa gereji, huvuja, na valvu ya moshi huungua ukingoni, kwa kuwa joto lake hulipunguza kwa kukaa juu ya kiti.

Basi kabla ya kichwa kufunguliwa, mwombe fundi aondoe kifuniko cha valvu, aipandishe pistoni hadi juu valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, kisha apime kwa fila geji. Ni kazi ya dakika chache. Mwanya ukiwa sawa na mgandamizo bado haupo, hapo kichwa na kifunguliwe. Kipinduliwe, plagi ikiwa mahali pake, yamiminwe mafuta ya taa kidogo juu ya valvu. Yakitokea matundu ya pembeni, valvu zasagwe. Dawa ya kusagia ioshwe yote, maana chembe zake huila silinda. Gasketi iwe mpya, hata fundi akiapa kwamba ya zamani ingali nzima.

Na injini ikiwaka, isiwashwe dakani wala uani kwenye kuta zilizobanana: moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Honda huagiza mwanya upimwe kila mwaka au kila saa 300 za kazi. Kwa jenereta inayongoja miezi katika hewa yetu ya chumvi, baada ya kuizima na kupoa, vuta kamba polepole mpaka iwe nzito, uiachie hapo. Valvu zote mbili zitakuwa zimefungwa, na unyevu hautaingia silindani.