Udugu wa Chuo Kikuu



Kila mwaka baadhi ya wenzetu wa kidato cha sita huondoka hapa kwenda chuo kikuu, wengine Dodoma, wengine Dar es Salaam. Kabla ya kupanda basi, wazee huwaambia, "Ukifika, tafuta watu wa kwetu." Shauri hilo ni jema, maana mgeni hana budi kupata wenyeji. Walakini yafaa tuulize: watu wa kwetu ni nani, na udugu wao ni wa kazi gani?

Huko Marekani wanafunzi wa vyuo wana vyama vya udugu, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, vyenye majina ya herufi za Kiyunani. Mwaka 1906 vijana saba weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell walianzisha Alpha Phi Alpha ili wasaidiane, kwa kuwa walikuwa wachache sana kati ya Wazungu. Mwaka 1908 wasichana wa Chuo Kikuu cha Howard wakaanzisha Alpha Kappa Alpha. Hiyo ndiyo faida ya udugu. Lakini mwaka 2017, katika jimbo la Pennsylvania, kijana aliyekuwa akikaribishwa katika chama cha namna hiyo alinyweshwa pombe nyingi mno, akaanguka ngazini. Wale walioitwa ndugu zake wakachelewa mpaka asubuhi kuita msaada, naye akafa.

Tusidhani jambo hilo liko mbali. Katika mabweni mengi njuka huamshwa usiku afue nguo za wakubwa, na akiuliza sababu huambiwa, "Hata sisi tulifanyiwa." Basi anadaiwa deni asilokopa. Mwenye tabia hiyo huenda nayo chuo kikuu.

Sasa tutazame mfano wa karibu. Julius Nyerere alisoma Makerere toka 1943 hadi 1945. Huko yeye na wenziwe, Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu wakiwamo, waliunda chama cha Watanganyika. Nyerere alitoka Butiama, Mwapachu alitoka Tanga, hawakuulizana kabila. Baadaye wakaingia katika TAA, na kutoka TAA ikazaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Udugu ule ulikuwa na kazi.

Na hao "watu wa kwetu" tutawapimaje? Zamani Hanang ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Baba zetu waliitwa watu wa Mkoa wa Arusha, mpaka Manyara ilipoundwa mwaka 2002. Mwiraqw, Mbarabaig na Mnyaturu wanauziana mahindi na ng'ombe katika mnada mmoja. Mpaka unaohamahama hivyo hauwezi kuwa ukuta wa udugu.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Mwanafunzi aliyepata habari kama hiyo akiwa chuoni, wa kwanza kumshika mkono ni yule wa kitanda cha pili, awe Mmakonde au Mhaya. Wahenga walisema kweli: ndugu ni kufaana, si kufanana.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Wenzetu waendao chuoni wasiache kuwa na chama cha nyumbani. Ila mlango wake uwe wazi kwa kila atakaye kusaidia, daftari la fedha lisomwe mbele ya wote, na mgeni akaribishwe kwa chakula wala si kwa mateso. Tena chama kiwe na kazi: wakati wa likizo waje kutufundisha hesabu, watuonyeshe jinsi ya kujaza fomu za mkopo, na wawatie moyo wasichana ambao wazazi wao wanasitasita kuwapeleka mbele. Chama kisichofanya hata moja katika hayo, afadhali mtu abaki na vitabu vyake.