Valvu nazo ziingie kwenye orodha

Serikali ilipohesabu vituo vya kuchotea maji vijijini muongo uliopita, watu walipita kijiji kwa kijiji na vifaa vya GPS. Waliandika nani alijenga, mwaka gani, kwa fedha za nani, na kama maji yanatoka. Sehemu ya takwimu zile iliwekwa hadharani, na hadi leo wataalamu wa kompyuta wa nchi mbalimbali wanaitumia kushindana kubashiri kituo gani kimekufa. Vituo vilivyomo ni 59,400, na 2,816 ni vya Mkoa wa Kigoma. Asilimia 38 ya vyote vilikutwa havifanyi kazi kabisa. Nimezipitia safu za jedwali lile moja baada ya nyingine: bonde, chanzo, mfadhili, mjenzi, idadi ya watu, namna ya kulipia. Valvu haimo.

Mimi ni fundi bomba, na miradi niliyoizoea ni ya mserereko, ile ya vilima vya Kasulu na Kibondo. Kwa jicho langu, orodha inayoishia kwenye koki ya mwisho inatuambia maji yamekatika, lakini haituambii yamekatikia wapi.

Mradi wa mserereko hauna pampu wala dizeli, ndiyo maana watu hudhani haudai matunzo. Vituo 26,780 kati ya vile 59,400 ni vya namna hiyo. Lakini kila mita 10 ambazo maji yanashuka huongeza baa moja ya presha ndani ya bomba, na huku kwetu bomba linaweza kushuka mita 100 kabla hujamaliza kilima kimoja. Hapo umeshafika baa 10, mwisho wa uwezo wa bomba la daraja la PN 10. Ndipo tunajenga matangi ya kupunguza presha. Juu ya miinuko tunaweka valvu za kutoa hewa, mabondeni za kusafishia tope, na kwenye matawi geti valvu za kufungia. Kila moja ina chemba yake, na chemba nyingi zimo katikati ya migomba au mihogo ya mtu.

Geti valvu isiyozungushwa miaka mitano huganda kwa kutu. Siku bomba likipasuka kijiji cha chini, fundi anafukua chemba iliyojaa udongo, anaweka spana, haizunguki. Inabidi akafunge kule juu kwenye chanzo, na vijiji vyote vya njiani vinakosa maji kwa ajili ya mpasuko wa sehemu moja. Valvu ya hewa ikiziba, hewa inajikusanya mwinukoni na kijiji cha mwisho hakipati kitu. Watu wanaambiwa chanzo kimekauka, wakati chanzo kimejaa. Lililo baya zaidi ni bomba likibaki tupu huku chemba imejaa maji ya mvua. Kiungo kinacholegea kinavuta maji yale ndani, nayo yanafika kwenye ndoo za watu. Mkoa wetu unakijua kipindupindu. Mei 2015, pale Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kilipiga maelfu ya watu waliokuwa wamekimbia Burundi, wakafa zaidi ya 30. Sababu ya pale ilikuwa nyingine, lakini hofu ya maji machafu haijatutoka tangu hapo.

Dawa ninayoipendekeza haina gharama kubwa. Kila valvu ipewe namba, ipakwe rangi kwenye mfuniko wa chemba. Kwenye simu ya fundi wa chombo cha watoa huduma ya maji iwepo fomu fupi: namba, mahali, kwa kawaida inakaa wazi au imefungwa, inazungushwa mara ngapi mpaka ifunge, nani aliizungusha na lini. Programu kama ODK na KoboToolbox zinajazwa bila mtandao na kutuma baadaye, jambo la lazima kwa anayefanya kazi mabondeni. Kila valvu izungushwe walau mara moja kwa mwaka, kabla mvua za Oktoba hazijaanza, tena polepole, kwa sababu kufunga kwa pupa huleta pigo la maji linalopasua bomba. Ikipita miezi 12 bila kuguswa, namba yake iwe nyekundu kwenye kioo cha meneja.

Kumbukumbu ya valvu si urasimu. Usiku wa Julai 6, 1988, kwenye mtambo wa mafuta na gesi wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, wafanyakazi waliwasha pampu bila kujua kwamba valvu yake ya usalama imetolewa mchana kwa matengenezo. Karatasi ya kuwaonya ilikuwepo, ila haikuwafikia. Walikufa watu 167.

Ila programu peke yake haitoshi, na Tanzania tulishapata somo. Shirika la Daraja lilianzisha Maji Matone, wananchi watume ujumbe wa simu maji yanapokatika. Zilitarajiwa jumbe 3,000, zikaja 53. Wachota maji wengi ni wanawake na watoto, ambao wengi wao hawakuwa na simu mkononi, na watu hawakuamini kwamba wakiandika kuna mtu atakuja. Kwa hiyo fomu ya valvu ijazwe na anayelipwa kwa kazi hiyo, akiwa amesimama chembani, na posho yake ifuate valvu alizozungusha.

Kasulu imo kwenye mradi wa maji wa miji 28, uliosainiwa mwaka 2022 kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Mabomba mapya yana valvu mpya, zinazozunguka kwa mkono mmoja. Naomba wakala wa maji vijijini (RUWASA), mamlaka za maji na wakandarasi wakabidhi orodha ya valvu pamoja na funguo za tangi, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka kila valvu iliyoorodheshwa imezungushwa mbele ya fundi atakayebaki nayo. Nanyi wananchi mtakaoalikwa siku ya uzinduzi, iombeni orodha hiyo kabla utepe haujakatwa.