Bunduki ya Chumbani Hailindi Mji

Liko wazo potofu, na mjini Babati halikosi wafuasi, kwamba mwenye kumudu bastola amekwisha kununua usalama. Babati iko penye makutano ya barabara za Arusha, Dodoma na Singida. Wapitao ni wengi, na hofu ya mwenye mali inaeleweka. Lakini hofu si hoja.

Jambazi ndiye achaguaye saa. Humkuta mwenye nyumba usingizini. Bastola iliyofungiwa kabatini haifikiwi kwa wakati. Iliyo chini ya mto hufikiwa na mtoto, na mlevi, na mume mwenye hasira. Leseni inayotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 humruhusu mtu kumiliki. Haimwondolei hatari hiyo.

Zaidi ya hayo, silaha huita mwizi. Mwezi Julai 2015 Kituo cha Polisi Stakishari, Dar es Salaam, kilivamiwa. Askari na raia wakauawa, bunduki zikaporwa. Ikiwa kituo chenye askari wa zamu kiliandamwa kwa ajili ya bunduki, nyumba ya mwalimu itasalimikaje?

Karamoja, nchini Uganda, ni funzo jingine. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, wafugaji walijitwalia silaha za kambi ya Moroto. Kila boma lilidhani limepata ngao. Jirani naye akatafuta bunduki yake, na wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukageuka mauaji ya risasi.

Wako watakaouliza: je, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 haukutaka umma ujilinde? Naam, ulitaka umma, haukutaka kila tajiri na bastola yake. Mgambo hufunzwa pamoja na wenzake na hutii amri. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walishika pinde na mishale. Walikosea walipojifanya mahakimu, lakini nguvu yao ilikuwa yowe lililoitikiwa na kijiji kizima.

Hapana budi watumishi na walimu wa Babati waache kuiona zamu ya ulinzi kuwa kazi ya wasio na kitu. Mwenye bastola, jirani akipiga yowe, hujifungia ndani na silaha yake. Siku yake ikifika, nani atamwitikia?