Rubani Anapokataa Kuruka

Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na Visiwa vya Komoro, kisha tarehe 25 kikaipiga pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kisiwa cha Ibo, ambacho wenyeji wake husema Kimwani, lugha yenye maneno mengi ambayo Mswahili huyatambua mara moja, kilibomolewa nyumba nyingi mno. Chakula kilikuwapo katika mji wa Pemba ya Msumbiji. Helikopta zilikuwapo. Marubani walikuwapo. Lakini mvua ikaendelea kunyesha, mawingu yakashuka, safari za ndege zikasimamishwa, na watu wa Ibo wakabaki wakingoja.

Katika hali kama ile maneno huwa mengi. Husemwa kwamba rubani ni mwoga, au kwamba anaijali ndege ya tajiri wake kuliko tumbo la mtoto mwenye njaa. Sisi tunaona kwamba maneno hayo hayafai kutoka katika kinywa cha mtu wa kisiwani. Hapana kijiji katika visiwa vyetu kisichomjua nahodha aliyetazama mawingu alfajiri, akaupima upepo wa kusi kwa shavu lake, akaamuru tanga lisipandishwe ilhali abiria wamekwisha kupakia mizigo. Abiria hununa. Kesho yake, habari za chombo kilichothubutu zikifika, hukoma kununa. Heshima tunayompa nahodha huyo ndiyo tunayoomba apewe rubani wa misaada.

Yafaa ieleweke kazi yake ni ya namna gani. Tangu mwaka 2004 safari za ndege za misaada za Umoja wa Mataifa zimekuwa chini ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na ndege nyingi huwa ni za kukodi pamoja na marubani wake. Katika viwanja vibaya hutumika sana ndege aina ya Cessna Caravan, yenye injini moja na magurudumu yasiyokunjwa. Ndege hiyo haikisii uzito. Kila gunia hupimwa, na kila abiria hupandishwa mizanini pamoja na mkoba wake. Tumepata kusikia wakubwa wakikasirika kwa kupimwa hadharani mbele ya watu wao. Mizani haijui cheo. Jua likiwa kali hewa huwa nyepesi, mabawa yakakosa cha kushika, na ndege ikahitaji uwanja mrefu zaidi ili ipate kuruka. Majani yakilowa, breki hazishiki. Ndipo gunia la mwisho la unga linapoteremshwa, na mwenye kulingojea akadhani ameonewa.

Isitoshe, viwanja vingi vya vijijini havina taa, na katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta giza huingia upesi mara jua likizama. Rubani hana budi kuhesabu kwenda, kupakua na kurudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu jioni. Hotuba ya makaribisho ya nusu saa, hata ikiwa nzuri kiasi gani, inaweza kuimeza safari nzima ya pili.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulishangaa. Katika safari za kuchukua wagonjwa, waendeshaji wengi wa ndege hizo wana desturi ya kumwuliza rubani kuhusu hali ya hewa na uwanja tu, kabla hajaambiwa mgonjwa ni nani na anaumwa nini. Atoe jibu lake kwanza. Ndipo aelezwe kwamba ni mama aliyeshindwa kujifungua au mtoto aliyeungua. Wako wanaouona utaratibu huu kuwa ni ukatili. Sisi tunauona kuwa ni busara kubwa, kwani huruma humsukuma mwanadamu kuyaona mawingu kuwa mepesi kuliko yalivyo. Ndege ikianguka mlimani, mgonjwa hafiki hospitali, muuguzi na rubani hufa pamoja naye, na mgonjwa wa kesho hana ndege.

Wala si kwamba watu hawa hawajui kuhatarisha maisha yao. Wakati wa vita vya Biafra, ambayo Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua, tarehe 13 Aprili 1968, marubani wa misaada waliruka usiku kutoka kisiwa cha São Tomé kwenda Uli, kiwanja kilichokuwa kipande cha barabara tu, taa zake zikiwashwa kwa dakika chache na kuzimwa tena. Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilitunguliwa na wote waliokuwamo wakafa. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Michael Wood, aliyekuwa daktari wa upasuaji na rubani, alianzisha mwaka 1957 pamoja na wenzake wawili shirika la madaktari warukao, ambalo leo laitwa Amref. Miongoni mwa waliolitumikia ni Anne Spoerry, aliyejifunza kurusha ndege akiwa na umri uliozidi miaka 40. Watu walimwita Mama Daktari, naye akaendesha mwenyewe ndege yake kwenda kwa wagonjwa wa kaskazini mwa Kenya na wa visiwa vya Lamu kwa miaka mingi, hata karibu na kifo chake mwaka 1999. Ujasiri wao haukuwa wa kuruka katika kila hali.

Hatusemi kwamba kila neno litokalo kwa mashirika ni la kweli. Hali ya hewa ni udhuru mwepesi, kwa sababu haijibu. Yawezekana mafuta yamekwisha, au mkataba wa ndege haujalipwa, au kibali hakijatiwa sahihi, nasi tukaambiwa kuna mawingu. Mwananchi anayengoja dawa anastahili kuambiwa sababu yenyewe. Na kuhusu vibali, maafisa wetu wakumbuke yaliyotokea kusini mwa Sudan mwaka 1998. Ndege za misaada zilikuwa tayari Lokichoggio, upande wa Kenya, lakini mwezi Februari serikali ya Khartoum ilizizuia zisiende Bahr el Ghazal, na njaa ikaua watu wengi mwaka huo. Hapo marubani hawakukataa kitu. Karatasi ndiyo iliyokataa.

Basi na tujiulize sisi wenyewe tumejiandaa vipi. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, na siku zile boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Itakuja siku ambapo bahari itafungwa kwa muda mrefu zaidi, na njia itakayobaki ni ya angani. Je, rubani atakayeletwa, pengine mgeni asiyewahi kukanyaga kisiwa chetu, atatua wapi? Akiona magoli ya mpira katikati ya uwanja, mbuzi pembeni, matope asiyojua kina chake, na hapana bendera ya kumwonyesha upepo, atageuza ndege arudi, naye atakuwa na haki.

Kuyaondoa haya hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji majani kufyekwa kabla hayajawa kichaka, urefu wa uwanja kupimwa na kuandikwa, mfuko wa kuonyesha upepo, na mtu mmoja aliyefundishwa kutazama wingu na tope, mwenye simu inayojibiwa. Mtu huyo awe mkweli kupita kiasi. Asiseme hali ni nzuri kwa sababu mgonjwa ni shangazi yake.

Tunalo pia neno kuhusu vijana. Mtoto wa kisiwani hukua akisoma upepo, lakini marubani wa ndege za misaada waliozaliwa visiwani ni haba. Leseni ya rubani wa biashara huhitaji kwa kawaida saa 200 za kuruka, nazo ni ghali mno kwa mzazi mvuvi. Hata akizipata, mashirika hudai saa nyingi zaidi ya hizo kabla ya kumkabidhi mtu ndege, na hapo ndipo kijana hukwama na cheti chake mkononi. Serikali ikimsomesha kijana, impatie vilevile nafasi katika makampuni madogo yanayoruka kati ya visiwa, akae kiti cha pili, akusanye saa zake. Kumlipia masomo na kumwacha mlangoni ni kutupa fedha za umma baharini.

Kwa sasa tunaomba jambo dogo. Kabla ya masika kuanza, wakuu wa wilaya za visiwani waende wenyewe kwa miguu, si kwa gari, katika viwanja vyote vilivyo chini yao, watembee kutoka mwisho mmoja hadi wa pili pamoja na wazee wa mahali hapo, waulize maji hutuama wapi mvua inyeshapo, na waandike jina la mtu atakayejibu simu usiku.