Michoro ya Kuazima Itatuacha Mataani

MWALIMU mmoja wa shule ya upili, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu, alinipigia simu Jumapili moja jioni, sauti yake ikiwa kati ya heshima na kicheko. "Daktari, samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko," akasema, "lakini matawi ya sentensi zako yote yameanguka."

Alikuwa akisema kweli. Maelezo yangu ya sintaksia, ambayo aliyahifadhi katika simu yake ili kuwatayarisha watahiniwa wa kidato cha nne, yalikuwa na maneno yote lakini hayakuwa na kielelezo hata kimoja. Mahali pa kila kielelezo cha matawi palibaki kijisanduku kitupu, mithili ya pengo la jino. Na ni nani asiyejua kwamba maelezo ya uchanganuzi wa sentensi yasiyo na matawi ni sawa na ramani isiyo na barabara?

Yafaa nieleze jinsi tulivyofika hapo, maana wengi wenu mnaelekea njia iyo hiyo. Siku hizi mimi huandika maelezo yangu kwa maandishi matupu, yaani herufi na alama chache tu, kwa utaratibu uitwao Markdown uliotolewa mwaka 2004. Kisha huyapitisha katika programu ya Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, ambaye ni profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu hiyo huyageuza maandishi yayo hayo yakawa ukurasa wa wavuti, faili ya Word au PDF. Ni utaratibu mzuri, nami sijutii kuufuata.

Tatizo limo katika picha. Katika Markdown, picha huingizwa kwa alama ya mshangao, maelezo mafupi ndani ya mabano mraba, na anwani ya picha ndani ya mabano duara. Anwani hiyo si lazima iwe ya faili iliyomo katika tarakilishi yako. Yaweza kuwa ya seva iliyo ng'ambo, ambayo haina picha yoyote iliyohifadhiwa bali huichora papo hapo kutokana na maneno yaliyobebwa na anwani yenyewe. Unaandika S, KN, KT pamoja na maneno ya sentensi, nafasi kati ya maneno zinageuzwa kuwa %20, na seva inakurudishia matawi yaliyonyooka kuliko ambayo mkono wangu umewahi kuchora ubaoni. Nilipoiona kazi hiyo mara ya kwanza nilifurahi kama mtoto.

Nilipoyageuza maelezo kuwa PDF, Pandoc iliiendea kila picha, ikaileta na kuitia ndani ya faili. Nikatazama, nikaridhika. Kisha nikayageuza maandishi yayo hayo kuwa ukurasa wa wavuti, kwa kuwa ni mwepesi kwenye simu za wanafunzi, nikawagawia. Sikung'amua kwamba safari hii picha haikutiwa ndani. Kilichowekwa ni anwani tu, na kila msomaji afunguapo ukurasa, simu yake hulazimika kwenda kuiomba picha upya. Mahali pasipo na mtandao haipati kitu. Na siku mwenye seva alipofunga duka, hata waliokuwa na mtandao hawakupata kitu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Walivyomalizia mnajua wenyewe.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya seva ndogo ndogo tu. Google ilizindua huduma ya namna hii mwaka 2007, iliyochora grafu kutokana na anwani, na watu wengi wakaitegemea. Pandoc yenyewe wakati mmoja iliitumia kuchora fomula za hisabati. Mwaka 2012 Google ikatangaza kwamba huduma hiyo imewekwa katika njia ya kustaafu, na baadaye ikafungwa. Ikiwa jitu kama hilo linaweza kuondoka, sembuse mtu mmoja anayelipia seva kwa pesa za mfukoni mwake?

Najua watakaonipinga. Watasema faili yenye anwani ni ndogo, na kwamba mwalimu hahitaji kuweka programu nyingi katika tarakilishi kuukuu ya idara. Ni kweli. Picha ikitiwa ndani ya ukurasa wa wavuti kama herufi, huongezeka ukubwa kwa takriban thuluthi moja. Lakini mwanafunzi huipakua mara moja, akaisoma hata akiwa ndani ya matatu kule ambako mtandao haufiki. Bei hiyo niko tayari kuilipa.

Liko jambo zito zaidi, nalo lilinitoa jasho. Siku moja nilikuwa nikitunga mtihani, nikaanza kuandika sentensi ya swali la pili ili seva inichoree jibu la mwongozo. Kidole kikasita. Sentensi ile ingesafiri ndani ya anwani hadi kwa mtu nisiyemjua, na huenda ikabaki katika kumbukumbu za seva yake. Tunafungia karatasi za mtihani kabatini, ilhali tunamsomea mpita njia maswali! Fauka ya hayo, mwenye seva anaweza kuona ni saa ngapi, na kutoka anwani gani ya intaneti, kila msomaji amefungua ukurasa.

Tangu toleo la 2.19 la mwaka 2022, Pandoc ina chaguo liitwalo embed-resources, linalotia picha zote ndani ya ukurasa. Hilo linazuia matawi yasianguke, lakini haliokoi mtihani, maadamu picha bado inaombwa ng'ambo wakati wa kugeuza. Kwa kazi ya siri hapana budi kuchora nyumbani. Wanaisimu tuna bahati: Sašo Živanović, mwanaisimu wa Ljubljana, alitutengenezea kifurushi cha forest, kinachochora matawi kupitia LaTeX bila kumwomba mtu yeyote. Kukijifunza kuliniletea kizunguzungu kwa siku mbili. Maandishi ya kila mchoro nayahifadhi kando ya picha yake, na ningependa idara zetu ziwadai watahiniwa wa uzamili wafanye vivyo hivyo kabla ya kupokea tasnifu zao.

Nilichora upya vielelezo vyote nikamtumia mwalimu yule faili mpya. Alinijibu usiku uo huo. Matawi yote yapo, alisema, ila katika sentensi ya tatu, "Mtoto mdogo amevunja kikombe," nimelitundika neno "mdogo" chini ya KT. Hilo halikuwa kosa la seva.