Komedi za Mwingereza na za Mmarekani: nani analipia kicheko?

Boom lilishakata siku nyingi, UE inanukia, na hapa hosteli watu badala ya kukaa kwenye vimbweta wapige msuli wanabishana kuhusu The Office. Ipi kali, ya Uingereza au ya Marekani? Kambi ya kwanza inasema komedi za Waingereza hazichekeshi, watu wamenuna tu kama wako msibani. Kambi ya pili inasema Wamarekani hawajui kuchekesha, ndiyo maana wanawabandikia watu vicheko vya kurekodi ili wajue pa kucheka. Wiki nzima nimesikiliza tu, leo na mimi naweka yangu.

Msimamo wangu ni huu: wote wana mipaka, ila kila mmoja kajenga uzio wake mahali pake. Na kubishana nani mchafu zaidi au nani mpole zaidi ni kupoteza muda. Swali la maana ni nani analipia kicheko.

Tuanze na hiyo hiyo The Office. Ricky Gervais na Stephen Merchant waliianzisha BBC mwaka 2001. Bosi anaitwa David Brent, yuko tawi la kampuni ya karatasi pale Slough, na anaamini kabisa kwamba wafanyakazi wanampenda. Hawampendi. Ukimwangalia unatamani kufunika uso. Vipindi 12, vya Krismasi viwili mwaka 2003, basi, wakafunga duka. Wamarekani wa NBC wakaichukua mwaka 2005 na kuihamishia Scranton, Pennsylvania. Kipindi chao cha kwanza walikinakili karibu kizima kizima, na msimu ule haukuwavutia wengi. Kuanzia msimu wa pili waandishi wakamgeuza bosi wao, Michael Scott. Bado ni boya, lakini sasa ana moyo, anatafuta familia, na kumbe kuuza karatasi anaweza. Ikaenda mpaka 2013, vipindi 201!

Sasa angalia mwisho wa kila mmoja. Brent anapunguzwa kazi na anabembeleza abakishwe, mbele ya kamera. Vile vipindi vya Krismasi vilimpa faraja kidogo, lakini kidogo kweli. Michael Scott mwaka 2011 anaondoka zake kwenda Colorado na mchumba wake, ofisi nzima machozi. Mtu yule yule, kazi ile ile, lakini nchi mbili zimeshindwa kukubaliana anastahili nini.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni pesa, tusidanganyane. BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni anayolipa mwenye TV, haiweki matangazo ya biashara katikati ya kipindi. Mitandao mikubwa ya Marekani inaishi kwa matangazo. Nusu saa yao ukitoa matangazo inabaki kama dakika 22 za kipindi, na kila msimu walizoea kutaka vipindi zaidi ya 20, wakilenga kufikisha kama 100 ili viuzwe tena kwa vituo vingine. Sasa mtu usiyempenda utamkaribisha sebuleni mara 200? Ndiyo maana lazima alainishwe. John Cleese na Connie Booth waliandika Fawlty Towers vipindi 12 tu, sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979. Basil Fawlty, yule mwenye hoteli anayewachukia wageni wake, kwa vipindi 12 unamvumilia. Kwa 200 ungezima TV.

Lakini pesa peke yake haitoshi kueleza. Uingereza ni nchi ya matabaka, na kicheko chao kikubwa ni mtu anayejipandisha ngazi ambayo si yake halafu anadondoka. Mnamkumbuka Del Boy wa Only Fools and Horses? Kila siku ana mpango wa kutajirika. Krismasi ya 1996 wakamtajirisha kweli, watu milioni 24.3 wakaangalia. Ulipofika mwaka 2001 waandaaji wakamrudisha, na fedha yote imeshapotea! Kwa Mwingereza hiyo ni komedi. Mmarekani amelelewa na hadithi kwamba ukijituma utafika. Ukimwonyesha mtu anayejituma miaka yote halafu hafiki, hapo umegusa imani yake.

Haya, tuje kwenye mipaka yenyewe. Wengi hudhani Marekani kila kitu ruksa kwa sababu ya sinema zao. Kwenye televisheni ya kawaida si hivyo. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba serikali inaweza kudhibiti lugha chafu hewani, na hadi leo maneno hayo hutakiwa kusubiri kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Uingereza mpaka wao ni saa tatu usiku, baada ya hapo mambo hulegea sana. Kwa hiyo Mmarekani amejifunza kuzunguka. Mwaka 1992 Seinfeld walifanya kipindi kizima kuhusu watu wanaoshindana kujizuia jambo moja la faragha, na jambo lenyewe halikutajwa jina hata mara moja. Mimi naona ule uzio uliwasaidia, wangelitaja tu pasingekuwa na kichekesho. HBO wao wanalipiwa na mteja moja kwa moja, uzio huo hauwahusu, ndiyo maana Armando Iannucci, Mskochi wa The Thick of It, alipokwenda kutengeneza Veep kule aliyabeba matusi yote kwenye begi.

Na hilo la vicheko vya kurekodi, kambi ya pili msijisifu sana. M*A*S*H, komedi ya madaktari wa jeshi kwenye vita ya Korea, kwao Marekani iliwekwa vicheko kwa sababu CBS walitaka hivyo, isipokuwa kwenye chumba cha upasuaji. BBC walipoionyesha waliviondoa. Lakini Fawlty Towers hiyo hiyo mnayoisifia ina vicheko mwanzo mwisho, vya watu waliokaa studio. Kwa hiyo hoja hiyo iwekeni pembeni.

Sasa niingie kwenye kinachonigusa. Mwaka 1965 Waingereza walimwanzisha Alf Garnett kwenye Till Death Us Do Part, mzee mbaguzi anayetukana wageni. Mwandishi wake Johnny Speight alitaka watu wamcheke mzee. Wapo walioangalia wakacheka pamoja naye, wakaona anasema kweli. Norman Lear akaipeleka Marekani mwaka 1971 ikawa All in the Family, na CBS wakaogopa mpaka wakaweka tangazo la tahadhari kabla ya kipindi cha kwanza. Archie Bunker naye mbaguzi, na yeye pia alipata mashabiki wa aina ile ile. Ila Lear aliongeza kitu: majirani weusi, akina Jefferson, wanaomjibu Archie neno kwa neno, baadaye mwaka 1975 wakapata kipindi chao wenyewe. Na mwaka 1972 Sammy Davis Jr. alikuja nyumbani kwa Archie na kumpiga busu shavuni wakati wa picha.

Sisi tunalijua hili bila kusoma kitabu, tunaliita utani. Mchaga na Mpare wanatukanana hata msibani na hakuna anayekasirika, kwa sababu leo wewe, kesho mimi. Utani una njia mbili. Anayetaniwa asipoweza kujibu, huo si utani tena, ni uonevu wenye kicheko.

Kwa kipimo hicho ninaitazama Mind Your Language. Najua nagusa kipenzi cha watu, Afrika Mashariki wengi tumekua nacho. Ilianza mwaka 1977: Mr Brown anafundisha Kiingereza darasa la watu wazima London, na kila mwanafunzi ni kikaragosi cha nchi yake. Mr Brown mwenyewe ni mwalimu mzuri, mvumilivu, hawasimangi. Lakini vichekesho karibu vyote vinatoka kwenye makosa ya wanafunzi, na silaha pekee ya kumjibu mtu, yaani lugha, ndiyo hiyo hawana. Watajibu na nini? Baada ya miaka miwili ilisimamishwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1986 Wamarekani wakatengeneza yao, What a Country!, na darasa la Kiingereza likageuka darasa la wageni wanaojiandaa na mtihani wa uraia. Yaleyale niliyosema: Mwingereza kakuacha darasani, Mmarekani kakupa matumaini ya kufika. Haikumaliza zaidi ya msimu mmoja, lakini ona walivyobadilisha lengo.

Wenzangu wa ualimu, hapa ndipo kilipo kiini. Tunakwenda TP. Tutakutana na mtoto wa kidato cha kwanza aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, leo anaambiwa ajibu kwa Kiingereza. Atakosea tu. Darasa litacheka, na mwalimu ana sekunde mbili za kuamua. Ukicheka naye huku ukijua anaweza kukujibu, sawa. Ukimwigiza matamshi yake ili upendwe na wengine, mtoto huyo hanyooshi tena mkono mpaka kidato cha nne, na wewe utakuwa David Brent kamili, bosi anayedhani darasa zima linampenda.

Kwa hiyo mimi siko kambi yoyote. Namchukua Mwingereza kwa ujasiri wa kujicheka mwenyewe na kutofunga kila hadithi kwa sukari. Namchukua Mmarekani kwa kumpa anayechekwa nafasi ya kujibu. Anayetaka vyote viwili kwa usiku mmoja, niko na flashi hapa, aje na yake.

Naomba kuwasilisha. Sasa tukasome, sapu hazina utani.