Kapelo Haina Kosa

Jamani, tuache unafiki. Kila nikikaa kijiweni hapa Ifakara, hakosekani msomi mmoja wa kuwashambulia washikaji wanaovaa kapelo za NY. Eti watumwa wa Marekani, eti wamebeba kichwani herufi wasizozijua. Juzi mwandishi mwenzetu kasoma shairi zima la kuwasimanga. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, ndiyo maana naandika kwa hasira.

Kwani yeye anazijua? Zile herufi hazikuzaliwa uwanjani. Mwaka 1877 kampuni ya masonara ya Tiffany, kulekule New York, ilizichora kwenye medali ya askari polisi aliyepigwa risasi kazini. Timu ya besiboli ikazivaa mwaka 1909, ilipokuwa bado inaitwa Highlanders. Jina la Yankees lilikuja rasmi mwaka 1913. Tena ukizitazama kwa jicho la fundi rangi, N na Y za kwenye kofia si zile za kifuani kwenye jezi. Maumbo mawili, timu moja, na wameyaacha hivyohivyo. Hata hiyo kapelo nyekundu wanayoipenda mashabiki wa Simba (wa Yanga hawaigusi, hata ukiwapa bure) ina mwenyewe: Spike Lee, mtengeneza filamu, ndiye aliyeiomba kampuni ya New Era imshonee nyekundu mwaka 1996. Timu huvaa bluu iliyokoza.

Unaona? Kule kila mstari una mtu wake au kampuni yake. Sasa turudi nyumbani. Klabu ya Sunderland ilipobadili jina kuwa Simba mwaka 1971, kuna mkono uliokaa chini ukamchora mnyama. Mkono wa nani? Mashabiki wanaokukariria vikosi vya zamani mchezaji kwa mchezaji, hilo hawaulizi. Vinyozi wa huku bondeni, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba, wamepamba kuta zao kwa nembo hizo, na aliyezipaka ukutani naye hana jina. Na gazeti letu hili je? Tafuta ndani aliyechora herufi za jalada. Hayumo. Washairi tumo wote, tena na picha.

Mimi niliwahi kuichorea timu moja ya mtaa nembo: kiboko wa Mto Kilombero, mpira mdomoni, jina la timu limepinda juu yake kama daraja. Siku mbili juani, rangi ya mafuta nimenunua mwenyewe. Malipo soda mbili na “asante kijana, umejitangaza.” Msimu uliofuata kiboko wangu yuko kwenye fulana, zinauzwa.

Wiki iliyopita kamati imeniita tena, rangi inabanduka, nikaipake upya kabla ligi haijaanza. Nimewatajia bei. Wanasema nimebadilika.